Mivumo ya Sajini Yengi

Mimi ni Marcelline, nauza vitenge sokoni Arua, na marehemu mama yangu alinionya tangu tukiwa Ariwara, upande wa Kongo, kwamba ulimi wangu utaniponza. Basi na uniponze. Kuna mambo yalitokea Kuluba, kijiji cha Koboko, mwaka huu ambayo watu wa kule wangependa yafukiwe kama takataka nyuma ya nyumba, na mimi sitaki yafukiwe.

Yanamhusu Rosine. Tulikaa dawati moja shuleni, yeye upande wa dirisha, mimi upande wa kuchapwa. Yeye akaolewa Koboko na Jada, mtoto wa pili wa Sajini Yengi, mimi nikafuata biashara Arua. Kuluba humwita Mama Basile, kwa jina la mwanawe anayeendesha lori njia ya Juba. Wakimkasirikia humwita "Mukongo", kana kwamba nusu yao hawakuzaliwa hukohuko Kongo wakati wazazi wao walipokimbia vita. Tuliwapa maji, tukawapa mashamba ya kulima, leo Mukongo ni tusi.

Nyumba ya Rosine iko chini ya jiwe. Wenyewe husema "jiwe", lakini ni kilima kizima cha mawe ya chokaa, ya kijivu, yenye makali na matundu kama mkate uliooza. Jada amezikwa hapo upande wa mashariki. Rosine huokota vipande vilivyoanguka chini, huvichoma kwenye tanuri alilojenga na mumewe, kisha huviloweka ndani ya pipa mpaka maji yachemke bila moto. Chokaa hiyo ndiyo anayowapakia watu nyumba kabla ya Krismasi na kabla ya Idi. Viganja vyake vimepasuka mpaka kumshika mkono ni kama kushika gome. Ukiona nyumba nyeupe kati ya Kuluba na Koboko mjini, uliza, utaambiwa ni mkono wa Mama Basile. Nyumba ya Night, jirani yake, aliipaka bure binti wa Night alipokuwa anaolewa. Likumbuke hilo, kwa sababu Night hakulikumbuka.

Sasa, juu ya jiwe lile, ndani ya nyufa, huota majani madogo. Kila moja lina urefu wa kidole, kijiti chembamba, na kichwa kimechanua kama upepeo wa jikoni. Ukiyatazama kutoka chini wakati wa mvua utaapa ni mivumo, ile miti mirefu ya matunda ya rangi ya chungwa ambayo watoto hufyonza nyuzi zake mpaka ziwajae menoni. Mivumo ya watoto kuchezea, labda, lakini mivumo. Kiangazi, kutoka chini, ni jiwe la kijivu tu, na hakuna aliyeuliza majani yamekwenda wapi.

Na ukoo wa Yengi uliapa hivyo hasa. Sajini Yengi aliporudi kutoka ukimbizini alibeba kokwa za mvumo ndani ya mfuko wa koti lake la jeshi, akapanda nazo jiweni, akashuka akasema, "Nimepanda." Akafa bila kuongeza neno. Wanawe wakatazama juu, wakaona pepeo za kijani, wakaridhika. Miaka ikapita na mivumo haikuzidi kidole. Wakasema jiwe limeibania. Watu waliokula mivumo tangu wana meno ya utoto, na hakuna aliyewahi kuinama kumtazama mtoto wa mvumo alivyo! Wanaiona ikiota yenyewe porini, basi.

Utauliza kwa nini hawakupanda juu kutazama. Katika ukoo ule, mahali baba alipopanda mti, mwana hapakanyagi mpaka kondoo achinjwe, wazee wale, ndipo njia ifunguliwe. Kondoo ni wa mtoto mkubwa, naye ni Laku. Laku ana kondoo. Ila kila akikumbushwa, kondoo wake mmoja ana mimba, mwingine anakohoa. Mkono wa birika! Kwa hiyo watoto wa Yengi walizeeka wakilitazama jiwe la baba yao kutoka chini. Rosine hakufungwa na mwiko huo kwa kuwa si damu yao. Alipanda alivyotaka, akaanika mihogo yake juu ya mawe yenye joto. Alifungwa na mwiko mwingine: mwanamke aliyeolewa hapandi mti wa kudumu, kwa maana anayepanda mti ndiye mwenye ardhi.

Jada alipokufa hakuna aliyemsumbua Rosine. Jiwe lilikuwa jiwe tu. Kisha wakaja watu wa kusaga mawe, na gari lenye kiyoyozi, wakiulizia chokaa. Hapo ghafla Laku akakumbuka kwamba ana baba.

Mwezi wa kwanza Rosine alinipigia simu, sauti yake kavu, akiniita kwa jina la mwanangu kama kawaida. "Mama Serge, kuya. Wananiitia kikao." Nilifunga meza yangu nikaenda.

Kikao kilifanyika uwanjani kwake, viti vya plastiki vimepangwa miguuni pa jiwe. Aliyeongoza ni Mzee Swadiki, mwenyekiti wa kijiji, askari mstaafu, mtu wa swala tano, si mtu mbaya. Ilikuwa kilele cha kiangazi, vumbi hadi kooni. Laku akasimama, amevaa koti.

"Chairman, mivumo ya baba imekufa yote," akasema. "Imekauka, imejikunja kama tumbaku. Huyu mwanamke iko nachoma mawe hapa chini kila siku. Moshi yake ndio imeua. Ameua mukono ya baba."

Nilisikia watu wakivuta pumzi. Kule, kuua mti aliopanda baba si jambo la faini. Anayeua huondoka, na ardhi hurudi kwa mtoto mkubwa. Nyumba, tanuri, kaburi la mume, vyote. Hilo ndilo lililokuwa linatafutwa na kila mwenye macho aliliona.

Kisha Night akasimama. Night yule yule, mwenye nyumba nyeupe. Akajifunga kanga vizuri, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Mimi niliona yeye kwa macho yangu. Iko namwaga maji nyeupe juu ya jiwe. Huyu ni muchawi!"

Alikuwa anasuuza ndoo ya chokaa, jamani! Kikulacho ki nguoni mwako.

Rosine akainuka. Hakulia. Alisema kweli aliyokuwa anaijua kwa kulala chini ya jiwe lile tangu aolewe. "Mzee, zile majani hazikufa. Ziko nalala tu. Kila kiangazi zinajikunja hivi. Mvua ikikuya, zitaamuka."

Ungedhani ametapika nyoka. Mama mmoja akavuta kitoto chake karibu. Laku akapiga makofi, mara moja, kwa furaha. "Mumesikia? Amesema mwenyewe! Mutu gani anaamusha kitu imekufa? Chairman, andika hiyo!"

Yaani ukweli wake ndio waliomfungia nao shingo. Angenyamaza angekuwa muuaji wa miti. Kusema kumemfanya mchawi. Mimi nikasimama nikasema maneno ambayo hayafai kurudiwa, nikaambiwa mwanamke wa Arua akae chini, hapa si sokoni. Wazee wakanong'onezana. Mzee Swadiki, macho kwenye vumbi, akatamka kwamba Mama Basile aondoke kabla mvua hazijaanza.

Kabla mvua hazijaanza! Nilitaka kucheka kwa uchungu. Kama wangengoja mvua ya kwanza tu, jiwe lenyewe lingetoa ushahidi.

Watu walipotawanyika nilimwambia Rosine tupande na ndoo, tumwage maji, tuwaite waje waone. Akatikisa kichwa. Yeye ana akili kuliko mimi, hasira zangu hula akili yangu.

"Nikimwaga mimi, watasema ni dawa," akasema. "Hii kitu iamuke mbele ya macho ingine."

Akapanda jiweni, akarudi na kishungi kimoja pamoja na mizizi yake na kipande cha jiwe kilichong'ang'aniwa na mizizi. Kilikuwa kikavu kabisa, kimekunjwa kama ngumi ya mtoto mchanga. Nikakifunga ndani ya kitenge.

Mtoto wa dada yangu, Patricia, anafundisha baiolojia sekondari moja hapa Arua. Nilimfuata nyumbani kwake bado nina vumbi la Koboko miguuni.

"Mama mdogo, keti kwanza," akasema.

"Siketi. Niambie kama hii ni mvumo."

Akacheka, kisha akaona uso wangu akaacha. Alikigeuza kile kishungi huku na huku. Akaniuliza maua yake yakoje. Nikampigia Rosine, akasema hajaona ua hata siku moja. Tunda? Hakuna. Mche wake hutokaje, jani la kwanza? Rosine akasema huwa upepeo uleule, mdogo zaidi. Patricia akanitazama.

"Basi si mvumo. Mvumo ukiota hutoa jani moja refu, kama panga limechomoza ardhini. Upepeo huja baadaye sana."

Nikamwuliza ni nini basi. Alisema anadhani ni kangaga, jamii ya yale majani ya kwenye kingo za mito yasiyotoa ua wala mbegu. Lakini kangaga hupenda maji, na hiki kinakaa juu ya jiwe kavu linaloungua jua, kwa hiyo hakutaka kusema kwa uhakika. Nilimpenda kwa hilo. Kuluba watu kumi walikuwa na uhakika na hakuna aliyetazama. Akapiga picha, akamtumia rafiki yake Chrispin aliyesoma mimea Kampala. Chrispin akauliza jiwe ni la aina gani. Nikakikwangua kile kipande kilichoshikwa na mizizi mpaka nikapata unga, nikaukamulia ndimu. Ukatoa povu, ukafanya sss kidogo. Chokaa.

Wakati tunangoja jibu Patricia alikilaza kishungi ndani ya sahani yenye maji, akaifunika kwa bakuli. Nililala kwake. Asubuhi nikafunua. Ngumi ilikuwa imefunguka. Pepeo ndogo, kijani, kila ujiti umenyooka, kana kwamba hakuna kilichotokea. Nilipiga kigelegele peke yangu jikoni, kisha nikakumbuka jinsi Rosine alivyosimama mbele ya wale watu, na hasira zikarudi upya.

Chrispin akajibu siku ileile. Akatuma jina refu la Kilatini ambalo sikulishika, akathibitisha: kangaga mdogo wa nchi za joto, huishi kwenye nyufa za mawe, na anafurahi sana kwenye chokaa. Kiangazi hujikunja akalala, mvua humwamsha. Akasema tugeuze jani, tutazame chini yake. Patricia akaligeuza. Kando kando ya kila ujiti wa upepeo palikuwa na mstari wa kahawia, umefunikwa na ukingo uliokunjwa. Akaligongagonga juu ya karatasi nyeupe, likaacha unga laini kuliko ugoro.

"Hii ndiyo inayomzalisha," akasema. "Upepo unaichukua. Hakuna mtu anayeweza kumpanda huyu kwa kokwa."

Hapo ndipo nilipoketi.

Tukaenda Kuluba wote wawili. Nilitaka kufika na sahani yetu na kuwamwagia usoni, lakini Patricia alisema watadai tumebadilisha majani. Akaenda kwa adabu kwa Mzee Swadiki, akapiga goti, akamwomba yeye mwenyewe achague jani lililokufa. Mzee si mtoto wa Yengi, jiwe halimkatazi. Mzee akapanda polepole kwa fimbo yake, akang'oa kishungi alichokitaka, akakibeba mpaka nyumbani kwake, akakiweka kwenye bakuli la mkewe, maji ya mtungi wake, akafunga mlango wa chumba na ufunguo akatia mfukoni. Hakuna aliyemshika mkono.

Kesho yake kikao kikakaa tena mahali palepale. Mzee Swadiki akaja na bakuli limefunikwa kwa kitambaa, anatembea kama amebeba maziwa. Akafunua. Watu wakainuka kutoka vitini.

"Mimi ndio niling'oa," akasema. "Mimi ndio niliweka maji. Kama ni uchawi, basi muchawi ni mimi."

Hakuna aliyethubutu. Patricia akawaeleza kwa utulivu, akapitisha karatasi yenye unga. Mzee mmoja wa ukoo uleule wa Yengi akauliza swali ambalo lingeulizwa tangu mwanzo: "Sasa mwalimu, hii, nani alipanda?"

"Upepo, mzee."

"Na kokwa ya sajini?"

"Pengine panya walikula. Pengine jiwe lilizikatalia. Kama mvumo ungeota, jani la kwanza lingekuwa kama panga. Kuna mtu aliwahi kuona panga pale juu?"

Watu wakatazama juu. Kisha Rosine akamgeukia shemeji yake. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Shemeji Laku. Wewe hujachinja kondoo. Ulijua aje majani imejikunja kama tumbaku? Kutoka chini haionekane."

Laku akaanza kufunga vifungo vya koti. Kila mtu akaona moyoni gari lenye kiyoyozi na wageni wakizungushwa juu ya jiwe, na Laku mbele yao, akikanyaga mahali baba yake alipopanda. Njia ya mwongo ni fupi.

Wazee hawakukawia. Jiwe halina mti wa mtu, basi linabaki la nyumba ya Jada, na nyumba ya Jada ni ya mkewe na mwanawe. Laku atoe kondoo kwa kuvunja mwiko. Kondoo akaletwa jioni hiyohiyo, mzima, mnene, hana mimba wala kikohozi.

Wakachinja. Wakachoma. Wakala, wakicheka, miguuni pa jiwe, uwanjani kwa Rosine, kwa kuni za Rosine. Na sasa sikiliza kinachoniwasha mpaka leo: hakuna hata mmoja aliyemwambia pole. Hakuna hata kusema tulikosea. Walimletea bakuli la maini kama vile mambo yamekwisha. Mimi nilimwuliza Mzee Swadiki, "Na lile neno? Neno la uchawi linabaki wapi?" Akakuna ndevu. "Mama, maneno ni upepo. Yamepita." Yamepita! Chokaa ikikuingia jichoni, haipiti kwa sababu aliyeirusha ameenda kula nyama.

Rosine hakuligusa lile bakuli. Aliliweka juu ya kaburi la Jada, akaingia ndani akafunga mlango.

Mvua zilipoanza nilirudi kumsaidia kupanda karanga. Jiwe lilikuwa kijani juu kote, ufa kwa ufa, pepeo kwa pepeo. Watu wa Koboko mjini walikuja na simu zao kupiga picha. Na uvumi ukageuka, maana watu wakiachwa bila uvumi mmoja hutafuta mwingine. Sasa wakasema jani linaloweza kufufuka haliwezi kukosa nguvu. Ukilichemsha linafufua kila kitu: magoti, migongo, na mengine ambayo wanaume waliyaulizia kwa kunong'ona.

Asubuhi moja, sisi tumeshika majembe, Night akaja. Anachechemea, ana sufuria mkononi. Hakuwa amekanyaga pale tangu kikao. Akasimama mbali.

"Mama Basile. Magoti yangu iko nauma sana. Naomba majani kidogo."

Mimi nikashika jembe vizuri. Rosine akanyoosha mgongo.

"Siku ile ulisema nini juu yangu?"

Night akatazama sufuria. "Nilisema vibaya. Unisamehe," akasema kwa sauti ya chini.

"Hapana. Siku ile hukusema hivyo. Ulisema kwa nguvu. Simama pale ulisimama."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Night akaenda akasimama palepale, miguuni pa jiwe, akajifunga kanga vizuri. Akapaza sauti, "Mama Basile si muchawi! Mimi nilisema uongo! Alikuwa iko nasafisha ndoo!" Watu waliokuwa barabarani wakasimama. Mwenye baiskeli akashuka. Ng'ambo, kwenye uwanja wa Laku, mlango ukafungwa.

Rosine akapanda jiweni, akachuma vishungi viwili vitatu, akaviweka ndani ya sufuria ya Night kwa mikono yake iliyopasuka.

"Chukua. Lakini hii si dawa. Ni majani tu. Magoti, enda hospitali."

Night akashangaa. Akatazama sufuria, akatazama barabara iliyojaa watu, uso ukamwiva. "Si dawa? Sasa kwa nini hukuniambia kwanza, mbele sijasema vile?"

Rosine alikuwa ameshainama kwenye karanga zake.

"Mimi niliwaambia ninyi kwanza," akasema. "Mbele ya watu wote. Niliwaambia ziko nalala tu."